Kabati la taa ya bluu saluni: linaua vijidudu au linapendezesha ukuta?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina saluni ya kiume hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nilinunua kwa mtu kabati la UV lenye taa ya bluu. Nikimaliza mteja naweka mashine na vitana humo dakika mbili tatu, natoa, naendelea na mwingine. Juzi mama mmoja kaja juu, anadai mwanawe kapata mapunye kwangu. Nyumbani nako mke wangu anataka kununua tochi ya UV ya kumulika simu, funguo na chupa za mtoto. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tukuyu kumlea mjukuu, anasema hiyo ni mionzi na itamletea mtoto saratani, na kwamba jua la Mungu linatosha. Nani yuko sahihi? Na kabati nilitupe?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Maswali yako ni mengi lakini shina lake ni moja: mwanga huu unaua kile unachokigusa, kwa nguvu ya kutosha na kwa muda wa kutosha. Kilichojificha haukigusi. Nitaanza na kabati, maana ndilo lililokuletea ugomvi mlangoni.

Kwanza nikutoe wasiwasi kwamba huenda umeuziwa uongo mtupu. Mwanga wa urujuanimno, huu tunaouita UV, unaua vijidudu kweli, na hilo halina ubishi. Jiji la Marseille, Ufaransa, lilishaujaribu kusafishia maji ya kunywa mwaka 1910, na hadi leo mitambo mingi ya maji duniani inautumia. Mahospitalini kuna taa za aina hii zinazofungwa juu ukutani, karibu na dari, kuua vimelea vya kifua kikuu hewani bila kuwamulika watu walioko chini. Kinachofanyika ni kwamba mwanga unaingia ndani ya kijidudu na kuvuruga DNA yake, kwa hiyo kinashindwa kuzaliana. Kijidudu kisichoweza kuzaliana hakikuambukizi.

Ila si kila UV ina uwezo huo. Wataalamu wanaugawa mwanga huu kwa urefu wa mawimbi. UVA ni kati ya nanomita 315 na 400, UVB ni 280 hadi 315, na UVC ni 100 hadi 280. Muuaji hasa ni UVC, na taa za zebaki zinazotumika kwa kazi hii hutoa nanomita 254 au karibu na hapo. UVA ndiyo ile ya kukagulia noti bandia na ya kuvisha kumbi za disko rangi. Kwa vijidudu ni dhaifu mno. Sasa shida inaanzia hapa: zote mbili zikiwaka unaona ubluu au uzambarau, wakati UVC yenyewe jicho haliioni kabisa. Rangi unayoiona ni masalia tu ya mwanga mwingine unaotoka kwenye taa. Kwa hiyo ubluu si ushahidi wa chochote. Kuna makabati yaliyofungwa balbu ya kawaida iliyopakwa rangi ya bluu, au taa za LED za mapambo, na mteja anayakubali vilevile.

Utajuaje ya kwako? Zima, chomoa waya ukutani, subiri ipoe, kisha soma maandishi yaliyoko kwenye ncha ya taa, karibu na kile kikofia cha chuma. Ukikuta namba inayoanza na G, mfano G8T5, hiyo ni taa ya kuua vijidudu. 8 ni wati na T5 ni unene wa bomba. Kampuni ya Philips huandika TUV. Ukikuta F8T5, hiyo ni tyubulaiti ya kawaida. Ukikuta herufi BLB, ni ile ya disko. Angalia pia kioo chake: taa halisi ya UVC haina ule unga mweupe ndani, unaona mpaka nyuzi zake kama unavyoona ndani ya chupa tupu. Sababu ni kwamba kioo cha kawaida kinazuia UVC, kwa hiyo taa hizi hutengenezwa kwa kwatzi au kioo maalumu, na haziwekwi ule unga unaogeuza UV kuwa mwanga mweupe.

Usihangaike na kile kipimo cha mtaani cha kuweka noti au shati jeupe ndani uone kama linang'aa. Litang'aa kwa UVA na litang'aa kwa UVC. Karakana tunaweka kipande cha kioo cha dirisha kati ya taa na karatasi: mng'ao ukibaki vilevile tunajua ni UVA, ukififia sana tunajua UVC imo, maana kioo kimeizuia. Lakini tunafanya hivyo tukiwa na kinga ya uso na glavu, si kienyeji, na wewe usijaribu. Kusoma herufi kunatosha.

Tuseme taa yako ni ya kweli. Swali linalofuata ni kipimo, na hapo naomba unifuate kwenye hesabu kidogo. Dozi ya UV ni nguvu ya mwanga pale kilipo kitu, mara muda. Nguvu hupimwa kwa miliwati kwa sentimita ya mraba; miliwati moja kwa sekunde moja inakupa milijuli moja. Bakteria wa kawaida kama E. koli hupungua kwa asilimia 99.9 kwa dozi isiyofika milijuli 10. Baadhi ya virusi ni wagumu zaidi, ndiyo maana kwenye maji kipimo kinachotumika sana ni milijuli 40. Spora za fangasi, yaani mbegu zao, ndizo kiboko: zipo zinazohitaji zaidi ya mara kumi ya kile kinachoua bakteria. Sasa chukua kabati dogo ambalo pale kwenye wavu linatoa miliwati 0.1. Kufikisha 40 unahitaji sekunde 400, yaani karibu dakika saba, na hapo ni upande mmoja tu, ule ulioangalia taa. Dakika zako mbili tatu zinatosha bakteria walio wazi upande wa juu. Fangasi wa mapunye, ambao ndio walioleta kesi, wanaweza kutoka humo wazima kabisa.

Na hiyo ni taa mpya, safi, yenye umeme kamili. Taa hizi huchoka kabla hazijafa. Nyingi hutegemewa kwa saa 8,000 hadi 9,000. Ukiiwasha saa 12 kwa siku ni kama miaka miwili hivi, na baada ya hapo itaendelea kuwaka bluu vizuri tu huku makali yameisha. Wewe umenunua kwa mtu, sijui yeye aliitumia muda gani. Vumbi la kiangazi na mafuta ya vidole juu ya bomba hula sehemu ya mwanga, kwa hiyo ifute kwa pamba yenye spiriti ikiwa imezimwa na imepoa. Umeme ukiwa mdogo jioni, taa nayo inalegea. Tena kuna jambo ambalo wenzetu wa Dar hawana haja ya kuliwaza: taa za zebaki hazipendi baridi. Zinafanya kazi vizuri kwenye joto la chumba cha kawaida. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu, unapofungua saluni na pumzi inatoka moshi, taa hiyo iko chini ya uwezo wake hadi ipate joto. Iache iwake dakika kadhaa mlango ukiwa umefungwa kabla hujaanza kuhesabu.

Ndani ya kabati nako kuna mambo. Kuta zikiwa za alumini inayong'aa, mwanga unaakisiwa na kufika pembeni na chini ya vitu. Zikiwa zimepakwa rangi nyeupe ya kawaida, wewe unaziona zinang'aa lakini UVC inamezwa. Na vitana vikipangwa kama samaki kwenye tenga, cha chini hakipati kitu.

Haya yote lakini ni madogo mbele ya hili moja. Leo jioni, kabla hujafunga, chukua mashine yako, legeza zile skrubu mbili, toa meno yote mawili, lile lililotulia na lile linalocheza. Utakuta katikati yake kitu cheusi kinachonata, mchanganyiko wa mafuta ya mashine, vipande vidogo vya nywele, mba na ngozi za vichwa vya watu. Kipanguse kwa kidole cha glavu ukiangalie. Humo ndimo vijidudu vinamoishi. UVC haipenyi mafuta, haipenyi nywele, haipenyi chuma. Ukiweka mashine hiyo kabatini usiku kucha, mwanga utaosha meno kwa nje na ule uchafu wa katikati utaamka salama, mpaka kichwa cha kwanza cha asubuhi. Ndiyo maana kanuni za vinyozi katika majimbo kadhaa ya Marekani zinalichukulia kabati la UV kama mahali pa kuhifadhia vifaa ambavyo tayari vimeshasafishwa na kuuliwa vijidudu kwa dawa. Haliruhusiwi kushika nafasi ya dawa. Hata maabara, kwenye yale makabati wanayofanyia kazi na vimelea hatari, mwongozo wa usalama wa Marekani unasema taa ya UV haihitajiki wala haipendekezwi. Wanafuta kwa dawa.

Sasa yule mama. Mapunye ni fangasi wanaoingia kwenye ngozi ya kichwa na ndani ya unywele wenyewe, na mashine ya kunyolea ni njia mojawapo inayojulikana ya kuwasambaza. Lakini wanapita pia kwenye kofia, kitana, mto, mtoto mwenzake wa darasani, hata paka na mbwa. Dalili huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kujitokeza. Kwa hiyo wewe huwezi kuapa kwamba si kwako, na yeye hawezi kuapa kwamba ni kwako. Mwombe radhi kwa usumbufu bila kubishana, na umwambie jambo la maana zaidi: ampeleke mtoto zahanati au kituo cha afya. Mapunye ya kichwani kwa kawaida hayaponi kwa kupaka peke yake, kwa sababu fangasi wako ndani ya shina la unywele. Dawa yake ni ya kunywa, na huchukua wiki kadhaa. Wale watoto wanaopakwa mafuta ya kila aina, sijui maji ya betri, mpaka ngozi inachubuka, wananisikitisha sana.

Kwako wewe utaratibu ni huu, na hauhitaji umeme mwingi. Kila mteja akiondoka, zima mashine, piga brashi nywele zote zitoke. Kisha nyunyizia au futa meno kwa spiriti ya asilimia 70, yalowe kabisa, uyaache yakauke yenyewe. Usifute haraka, ni ule unyevu wa dakika moja na zaidi unaofanya kazi, si harufu. Vinyozi wengi wanadhani spiriti kali zaidi ni bora. La. Ya asilimia 70 inafanya kazi vizuri kuliko ile ya 95, kwa sababu maji yaliyomo yanaisaidia kupenya na kuichelewesha kukauka. Ukiweza nunua meno ya pili, au mashine ya pili, moja ipumzike na spiriti wakati nyingine inanyoa. Hilo litakupa muda ambao leo unauiba kwa mteja.

Jioni toa meno, osha kwa maji ya moto na sabuni kwa mswaki wa zamani, kisha yachemshe dakika 20, yakaushe mara moja, paka mafuta. Chuma kinavumilia, plastiki ya mashine isiingie sufuriani. Ile tabia ya kumwaga spiriti kwenye meno na kuwasha kiberiti naomba uiache. Moto unapita juu sekunde chache bila kufika katikati, unaharibu makali ya chuma, na chupa ya spiriti iko pembeni inasubiri. Vitana vioshwe kwa sabuni kwanza, kisha viloweke kwenye jiki. Jiki ya asilimia 3.5 ukichanganya kipimo kimoja na maji vipimo sita unapata klorini ya asilimia 0.5, ambayo inatosha hata kwa kitu kilichoguswa na damu. Dakika 10, suuza, kausha. Meno ya mashine usiyaloweke kwenye jiki, yatapata kutu. Na wembe ni wa mtu mmoja, mara moja. Kwenye wembe sijadili, maana virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai kwenye kitu kikavu kwa siku saba au zaidi, na tone lisiloonekana linatosha.

Baada ya hayo yote, vifaa vikiwa safi na vikavu, viweke kabatini na uwashe. Hapo taa inafanya kazi inayoiweza: kitu kigumu, safi, kisicho na kivuli kingi, na muda wa kutosha.

Kuhusu usalama nitaongea kidogo kwa ukali, maana nimeona makabati ambayo swichi ya mlango imerukwa, waya umeunganishwa moja kwa moja ili taa iwake muda wote na wateja waione. Mlango ukifungwa hakuna tatizo, kioo au plastiki yake inazuia UVC. Mlango ukifunguliwa taa ikiwa inawaka, macho yako, ya msaidizi wako, na ya mtoto aliyekaa kwenye kiti yako wazi. Kiwango cha kimataifa cha mtu kupigwa na nanomita 254 ni milijuli 6 kwa siku nzima ya kazi ya saa nane. Linganisha na ile 40 ya kuua virusi. Taa inayotosha kuua ukaribu wa shubiri inatosha kuunguza jicho, na kama haiwezi kuunguza jicho, basi na virusi nao wako salama nayo.

Jicho lililopigwa haliumi hapohapo. Mtu anamaliza kazi anaenda nyumbani, saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho yanawaka kama yamejaa mchanga, yanatoa machozi, hayataki mwanga. Waulize mafundi wa kuchomelea mageti. Wanaifahamu hali hiyo kwa jina la kupigwa na welding, na ni jeraha lilelile hasa. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi tatu, lakini mtu asisugue, asijitilie dawa ya ganzi aliyopewa na rafiki, aende kuonwa. Ngozi nayo huwa nyekundu kama iliyounguzwa na jua. Kwa hiyo rudisha swichi ya mlango. Ni kitu kidogo, fundi umeme yeyote anaiweka. Na ukisikia harufu kali kama ile ya baada ya radi, taa hiyo inatengeneza ozoni, ambayo inakera mapafu. Taa ya namna hiyo haifai chumba cha watu.

Tuje kwenye tochi ya mkeo. Ndugu yangu, hiyo sishauri. Tochi nyingi za bei ya chini zinazouzwa kwa jina hili ni UVA au ni mwanga wa zambarau tu, nanomita 395 au 405, na hazifanyi kitu. Zile chache zilizo na UVC ya kweli na nguvu zina shida ya pili: unazishika mkononi, zimefunguka, mtoto yuko kitandani. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, iliwaonya watu kuhusu vifaa hivi vya mkononi, maana baadhi vilivyopimwa kwa ukaribu wa inchi mbili vilitoa UVC hadi mara 3,000 ya kiwango kinachopendekezwa. Na Shirika la Afya Duniani lilishasema wakati wa korona kwamba taa za UV zisitumike kuua vijidudu mikononi wala sehemu nyingine ya ngozi. Isitoshe, hakuna mtu atakayesimama na tochi juu ya funguo kwa dakika saba bila kusogeza mkono. Watu wanapitisha kama wanapuliza vumbi.

Simu muzime, muivue kava, mufute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo spiriti ya asilimia 70, kisilowe hadi kudondosha, na muwe mbali na tundu la chaji. Kava lioshwe kwa sabuni. Sekunde chache, na uchafu umeondoka pamoja na vijidudu, jambo ambalo mwanga hauwezi: mwanga ukiua unaacha uchafu palepale. Kuna visanduku vya simu vyenye LED za UVC, vinavyofungwa kabisa ndivyo viwake. Hivyo ni salama zaidi na vingine vinafanya kazi, lakini kwa bei yake mtanunua spiriti ya miaka. Noti msizihangaikie. Zimekunjika, zina nyuzi, mwanga hauingii. Shikeni pesa, mnawe mikono.

Chupa za mtoto msizimulike kabisa. Utando wa maziwa unaobaki kwenye kona ya nyonyo na kwenye mistari ya kifuniko unawafunika bakteria, na mwanga wa nje hauvuki ukuta wa chupa ipasavyo. Tena UVC inaikausha plastiki na mpira hadi vinapasuka. Brashi, sabuni, maji ya moto, kisha zichemshwe zikiwa zimezama, dakika 10 zinatosha kwa raha. Najua kuna wanaosema maji ya huku juu hayachemki sawasawa. Ni kweli kwamba Mbeya, kwenye mita kama 1,700, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na Njombe au Makete ni chini zaidi. Lakini vijidudu vinavyomharisha mtoto vinakufa kwenye nyuzi 70 na kitu. Acheni yatokote kwelikweli, basi.

Mama mkwe sasa, na hapa uwe mwangalifu unavyompelekea majibu, maana ana haki nusu kwa nusu na nusu zote mbili ni za kumheshimu. Kuhusu saratani, hofu yake haijatoka hewani: taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, mwaka 2009 iliiweka mionzi ya UV, aina zote tatu, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Lakini hiyo ni kwa mwili uliomulikwa. UV si kama mionzi ya kinu cha nyuklia, haibaki kwenye kitu. Kijiko kilichotoka kabatini hakina mionzi ndani yake, kama kilivyo kijiko kilichotoka juani. Mtoto hawezi kudhurika kwa kushika kitu kilichomulikwa. Anadhurika akimulikwa yeye.

Kuhusu jua, huyu mama anasema jambo lililothibitishwa zamani. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, waliweka mirija yenye supu ya bakteria juani, mingine wakaifunika. Iliyofunikwa ikachacha, ya juani ikabaki safi. Jua linalotufikia lina UVA na UVB kidogo, UVC yote imezuiwa na angahewa, kwa hiyo linaua polepole. Ila linafanya kazi na wenzake wawili, joto na ukavu, na bakteria wengi hawavumilii ukavu. Kile kichanja cha vyombo nje ya nyumba, ambacho mabwana afya wamekihubiri vijijini kote Rungwe na Mufindi, kina sayansi nzuri kuliko tochi. Vyombo vioshwe, vipangwe vikiwa vimeinama, maji yachuruzike, jua lipige. Vibao vya kukatia mboga vivyo hivyo, na nepi, na mablanketi. Huku nyanda za juu UV ya jua ni kali kuliko pwani, huongezeka kwa kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hata kama hewa ni baridi na mtu hahisi anaungua.

Ila mkumbushe kwa upole kwamba Tukuyu ni Tukuyu. Mvua na ukungu vikikaa siku tatu, hakuna jua la kuanikia. Wanaosafisha maji kwa chupa za plastiki juani wana kanuni yao: saa 6 kwenye jua zuri, siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu mengi, na maji yawe maangavu. Siku za mvua ya kutwa njia hiyo haitumiki, unachemsha. Vilevile kuanika kitu ndani, nyuma ya kioo cha dirisha, ni kukikausha tu. Kioo kinakamata UVB karibu yote. Na kunguni wa godoro hawafi kwa mwanga, wanajificha kwenye mishono. Kinachowaua ni joto la kweli, la pasi au maji ya moto, si jua la Julai la Mbeya.

Kabati usilitupe, basi. Lisafishe, rudisha swichi ya mlango, ondoa kitambaa ulichotandika chini kama kipo, panga vitu visiguseane, na ubandike karatasi ya tarehe uliyoweka taa mpya. Taa ya zamani isitupwe kwenye jalala la soko, ina zebaki. Ifunge kwenye boksi lake na uulize ofisi ya afya na mazingira ya jiji pa kuipeleka. Ikivunjika ndani ya saluni, toeni watu, fungueni milango na madirisha kwa robo saa hivi, kisha okoteni vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi, muvifunge kwenye chombo chenye mfuniko. Ufagio hapana, unatawanya zebaki. Ukishasoma zile herufi kwenye kikofia cha taa niandikie zinasemaje, na upana wa kabati kwa sentimita, nikuhesabie dakika zako mwenyewe.